Usingoje Mama Aseme Anasikia Joto

Januari moja, nyumbani kwetu Temeke, Dar es Salaam, nilirudi kazini nikamkuta mama amekaa kitandani, dirisha limefungwa, mlango umefungwa. Amevaa dera, juu ya dera sweta, juu ya sweta amejitanda kitenge. Chumba kilikuwa tanuri. Nikamuuliza, "Mama, husikii joto?" Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Sisikii, mwanangu. Nasubiri gari la Tanga." Mkono wake ulikuwa wa moto, ulimi mkavu, midomo imeanza kupasuka. Ndugu zangu walikuwa wamempitia saa sita mchana, wakamwamkia, akaitikia vizuri, wakaondoka. Hakulalamika, na kwa kuwa hakulalamika kila mtu aliona yuko salama.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya anayeishi na mzee wa namna hiyo. Hospitalini wanaita demensia, mitaani tunasema ugonjwa wa kusahau, na bado wapo wanaosema mzee karogwa. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina yake inayojulikana zaidi ilielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Hapa kwetu, watafiti waliozunguka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu wazee 6 katika kila 100 wa miaka 70 na zaidi wanao. Kwa hiyo hauko peke yako, hata kama mtaani kwako hakuna anayelizungumza.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya hatua zote. Ubongo uleule unaosahau jina lako ndio unaopaswa kumwambia mgonjwa kwamba ana kiu, kwamba amelowa jasho, kwamba avue sweta. Uzee peke yake hupunguza hisia ya kiu, na ugonjwa huu humalizia kilichobaki. Kiu yake inabidi uwe nayo wewe. Usimngoje aseme.

Lielewe joto la Dar

Kuanzia Desemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, mchana wa Dar hufika nyuzi 31 hadi 33. Kwa kusoma namba tu, mtu wa Dodoma anaweza kushangaa tunachokilalamikia. Shida yetu ni fukuto. Hewa ya bahari imejaa mvuke, jasho linatoka lakini halikauki, na mwili hupoa pale jasho linapokauka. Tena usiku haupoi sawasawa, mara nyingi joto linakaa kwenye nyuzi 25 mpaka alfajiri. Mwili wa mzee unaingia siku mpya haujapumzika na joto la jana. Ndiyo maana siku ya nne au ya tano ya fukuto mfululizo inanitia hofu kuliko siku ya kwanza.

Hatua ya kwanza: jifunze lugha yake ya joto

Kila mgonjwa ana namna yake. Mama yangu akizidiwa na joto huanza kukunja na kukunjua kanga, halafu anakuwa mkali, halafu ananyamaza. Mzee mmoja wa jirani hutembea kutoka mlango hadi mlango. Wengine huvua nguo mbele za watu, na familia huona aibu badala ya kuona joto. Chukua daftari la kawaida la shule, kwa wiki moja andika saa na kilichotokea: alikasirika saa nane, alisinzia sana saa tisa, alikataa chakula. Utaona mpangilio.

Mkague kwa mkono kila baada ya saa mbili mchana. Gusa kifua na mgongo, kwa sababu viganja hudanganya. Tazama ulimi. Gusa kwapa: kwapa kavu kabisa mchana wa Januari ni dalili mbaya. Ile njia ya kubana ngozi uone kama inarudi haraka usiitegemee, ngozi ya mzee imelegea hata akiwa na maji ya kutosha. Mkojo unasema kweli zaidi. Ukiwa wa manjano hafifu, vizuri. Ukifanana na chai ya rangi, au amepita nusu siku bila kukojoa, ana upungufu wa maji.

Hatua ya pili: chumba

Chumba chenye bati bila dari ndicho kibaya kuliko vyote kati ya saa sita na saa kumi. Kama nyumba yenu ni ile ya Kiswahili yenye korido katikati na uani nyuma, mchana mhamishie mgonjwa koridoni panapopita upepo, au uani chini ya mkungu au mwembe kama mnao. Usihame naye kila siku sehemu mpya. Mtu wa ugonjwa huu akibadilishiwa mahali anahangaika, na kuhangaika kunampandisha joto. Chagua sehemu moja ya mchana, weka kiti chake kilekile, mkeka uleule, redio yake, na iwe hivyo msimu mzima.

Dirisha lifunguliwe alfajiri na jioni. Jua likianza kuingia, funga pazia la upande huo: mashariki asubuhi, magharibi kuanzia saa saba. Wazee wengi hufunga madirisha kwa kuogopa wezi, na mgonjwa hawezi kubishiwa akaelewa. Weka neti na nondo imara, halafu mwonyeshe kwa mkono: "Mama, shika hapa, chuma hiki, mwizi hapiti." Kwangu ilibidi nirudie kila jioni kwa karibu mwezi mzima.

Jiko la mkaa lisikae koridoni wala karibu na mlango wake. Moshi ni hatari, na joto lake hubaki chumbani saa nyingi baada ya ugali kuliwa.

Feni inasaidia sana kwa joto letu, hasa akiwa amefutwa kwa kitambaa chenye maji kabla. Chumba kikizidi nyuzi 40, feni humpulizia hewa ya moto tu, hapo mtoe humo. Ya mezani isimpulize usoni moja kwa moja kutwa nzima, itamkausha macho na mdomo. Waya upite ukutani asije akajikwaa. Pangaboi huwatisha baadhi yao, kivuli chake kinazunguka ukutani wakadhani kuna mtu. Ukiona anatazama ukuta kwa woga, badilisha taa au hamisha kitanda kabla hujasema ameanza kuona majini. Na kama alikuwa mtu wa kubana matumizi maisha yake yote, ataizima kila ukigeuka, kwa kuwa LUKU itaisha. Weka swichi mbali na macho yake.

Umeme ukikatika usiku, msiwe mnatafutana gizani. Ndani kuwe na feni ya kuchaji iliyojaa, kipepeo cha ukili kimoja kwa kila anayelala na mgonjwa, na chupa mbili za maji yaliyoganda kwenye friza. Zungushia chupa kanga, mwekee karibu na shingo au miguuni. Barafu isiguse ngozi, kwa sababu anaweza asiseme kwamba inamuunguza.

Hatua ya tatu: maji, na hapa usiharakishe

Isipokuwa daktari amempunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo, mzee anahitaji walau vikombe 7 au 8 kwa siku, karibu lita moja na nusu. Asubuhi jaza chupa ya ujazo huo, iwe yake peke yake, na kila kikombe chake kitoke humo. Magharibi ikiingia, chupa itakuambia ukweli bila kubahatisha.

Ukimuuliza "Mama, unataka maji?" atasema hataki. Neno "hapana" ni jepesi kwake kuliko kufikiria kama ana kiu. Mwamkie, kaa karibu naye, mpe kikombe mkononi kabisa: "Shikamoo mama. Karibu maji, tunywe." Halafu kunywa chako akikuona. Mwili unakumbuka ukarimu hata akili inaposahau, na mtu aliyelelewa akijua kwamba mgeni hakatai kinachotolewa atapokea. Mafunda matatu kila nusu saa ni bora kuliko bilauri kubwa ambayo itabaki mezani mpaka nzi waingie. Kikombe kiwe cha rangi iliyokolea, chekundu au bluu. Wengi wao hawayaoni maji ndani ya bilauri ya kioo, wanaona kitu kitupu.

Asiyependa maji matupu anywe mengine. Chai inahesabika, uji mwepesi unahesabika, supu na mchuzi vinahesabika. Tikitimaji, machungwa na tango ni maji ya kutafuna. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa za presha muulize kwanza daktari. Juisi ya ubuyu au ukwaju nayo nzuri, punguza sukari, na kwa mwenye kisukari usiweke kabisa. Usimwongezee chumvi kwenye maji kwa kusikia kwamba jasho hutoa chumvi. Wengi wao wana presha.

Akinywa awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo. Akikohoa kila anapokunywa au sauti yake ikawa kama ina maji kooni, anapaliwa. Mpeleke akapimwe namna anavyomeza, usiendelee kumlazimisha.

Sasa lile ambalo familia nyingi hulifanya kimyakimya. Mzee anajikojolea, pampasi ni ghali, kufua kila siku kunachosha, basi anapunguziwa maji. Nalielewa, nimefua mashuka saa tisa usiku. Lakini mzee aliyenyimwa maji mwezi wa Februari anapata maambukizi ya njia ya mkojo, anapata choo kigumu, anachanganyikiwa zaidi, na kazi yako inaongezeka maradufu. Njia salama ni kumpa maji mengi kuanzia alfajiri mpaka alasiri, kupunguza baada ya magharibi, na kumpeleka chooni kila baada ya saa mbili hata kama hajaomba. Kitandani, ule mpira wa kuzuia mkojo uvikwe shuka la pamba lililokunjwa mara mbili, kwa kuwa mpira mtupu unapika mgongo. Pampasi ikilowa ibadilishwe papo hapo, harara na michubuko huanzia hapo.

Ramadhani ikiingia kwenye joto

Miaka hii mwezi mtukufu unaangukia Februari na Machi, kwenye fukuto lenyewe. Mama yangu amefunga tangu utotoni. Anasahau kama amekula, lakini hasahau kwamba ni Ramadhani, na kumwona anasukuma kikombe kwa kusema "nimefunga" kuliniumiza kuliko nilivyotegemea. Mgonjwa na mzee asiyeweza wameruhusiwa kutofunga, na asiyetarajiwa kupona hutolewa fidya kwa kulisha maskini kila siku. Ukisema wewe mtoto wake hatakuamini. Mlete shehe au maalimu anayemheshimu, aongee naye kwa upole mbele yenu, ikibidi arudi mara kadhaa. Kwetu kilichosaidia ni kumpa yeye mwenyewe kibaba cha mchele akitoe kwa mkono wake. Kila asubuhi alikuwa na ibada ya kufanya, na baada ya hapo alikubali uji.

Hatua ya nne: nguo, kuoga, kulala

Mvalishe pamba nyepesi: dera pana, kanga, msuli, fulana ya pamba. Ondoa kabatini masweta na mashuka mazito, yafiche kabisa mpaka kusi ianze. Ukimvua sweta mbele yake utagombana naye, ukilichukua akiwa amelala hatalikumbuka. Wanaohisi baridi kweli wakati wa joto wapo, hao pima kwanza homa.

Kuoga mara mbili au tatu kwa siku kunapoza, lakini wagonjwa wengi huogopa maji ya ghafla kichwani. Anza na miguu kwenye beseni, panda taratibu kwa kopo, kichwa mwisho au kiache. Maji yaliyokaa kwenye tangi jeusi juani saa nane yanaweza kuunguza yakitoka bombani, kwa hiyo yajaribu kwa mkono wako kila mara. Akikataa kuoga kabisa, lowesha kanga, ikamue, mfute shingoni, makwapani, mikononi, kisha mwashie feni.

Chandarua kisiachwe kwa sababu ya fukuto. Malaria ipo, na dengi tumeshaiona Dar mwaka 2014 na 2019, tena mbu wake huuma mchana. Kitundike juu na kipana, feni ielekezwe kwenye neti. Akiamka usiku, mkalishe kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja kabla hajasimama. Aliyepungukiwa na maji husikia kizunguzungu, na mzee akianguka nyonga inaweza kuvunjika.

Dawa

Beba dawa zake zote kwa daktari au mfamasia kabla joto halijakolea. Za kukojoza kama furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, hutoa maji mwilini. Baadhi za kutuliza, kama haloperidoli, na hata za mafua zinazosinzisha, kama Piriton, zinaweza kuuvuruga mwili unavyojipoza, nyingine kwa kupunguza jasho. Uliza kama zipunguzwe, usizikate mwenyewe. Zihifadhi mahali pa baridi, si juu ya kabati chini ya bati.

Akitoka nje bila kujulikana

Usimtoe kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kliniki iwe alfajiri, matembezi yawe saa kumi na moja jioni, na kama mnaweza kufika Coco Beach au ufukwe wa Kigamboni upepo wa bahari humtuliza kuliko dawa. Usimwache ndani ya gari lililoegeshwa hata dakika tano.

Kufungia mlango kwa kufuli akiwa peke yake nakataza, moto ukitokea hana pa kutokea. Badala yake tangaza hali yake. Najua tunaficha. Mimi nilificha karibu mwaka mzima. Siku niliyowaeleza vijana wa bodaboda pale kijiweni, mama ntilie wa kona na mjumbe wetu wa shina, nikawaonyesha picha yake, nilipata macho zaidi ya ishirini. Shona namba ya simu kwenye upindo wa ndani wa kila dera. Akipotea juani msisubiri jioni. Anzeni vivulini na njia ya maisha yake ya zamani, aliyefanya kazi bandarini mara nyingi huelekea mjini, na mama yangu huelekea stendi. Wakati huohuo mwingine aende serikali ya mtaa na polisi, mwingine aombe msikitini au kanisani watangaze.

Kama kutwa uko kazini, panga watu wa kumpitia wakiwa na kazi maalumu. "Mcheki mama" haitoshi, ndivyo ilivyotokea kwetu ile Januari. Sema hivi: saa sita mnyweshe kikombe kimoja, mguse kifua, fungua dirisha, andika kwenye daftari. Dada wa kazi naye aelezwe kwa nini, akielewa sababu hatafuata saa tu. Agosti 2003 joto lilipoipiga Ufaransa walikufa watu karibu 15,000, wengi wao wa miaka 75 na kuendelea, katika nchi yenye hospitali tele. Sisi tuna majirani wanaoingia bila kubisha hodi mara mbili. Watumie.

Hali ikiharibika

Ugonjwa wa kusahau huzidi kwa miezi na miaka. Aliyekuwa anaongea jana, leo amelegea, hajibu au anaweweseka, huyo ana kitu kipya: maji yamepungua, malaria, maambukizi ya mkojo, dawa. Kwenye zahanati moja niliwahi kuambiwa "uzee tu huo, mama," nikarudi naye nyumbani. Kesho yake hospitali nyingine walimtundikia dripu, na jioni aliniita kwa jina. Ukiambiwa ni uzee, sema wazi: "Jana hakuwa hivi." Omba apimwe malaria, mkojo na sukari.

Akiwa macho na amelegea kidogo, mpeleke kivulini, mvue, mfute kwa maji, mpe maji au ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, kwa kijiko. Isipopatikana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, nenda hospitali.

Mwili ukiwa wa moto mkali, kipimajoto kinasoma nyuzi 40 au zaidi, hajitambui, anatetemeka au anatapika, hiyo ni dharura. Usimpe chochote mdomoni. Usihangaike na panado, haishushi joto la namna hii. Mwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, weka vitambaa vya baridi shingoni, makwapani na kwenye kinena, mwingine akiita bajaji au teksi. Endelea kumlowesha njiani, madirisha wazi, mlaze ubavu. Hospitali ni Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, yoyote iliyo karibu kwa foleni ya saa hiyo.

Beba daftari, dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, na kitambulisho chake. Sera ya Taifa ya Wazee inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo, kwa hiyo fuatilia kitambulisho chake cha matibabu serikali ya mtaa sasa hivi, kabla hujakihitaji. Mkifika, ulizia dirisha la wazee. Na usimwache peke yake kwenye benchi ukienda kupanga foleni, atanyanyuka akatafute gari la Tanga.